Draiva ya Kifaa Kisichojulikana

Mara ya kwanza fundi alipoiona ile alama ya njano, aliidharau. Watu walimwita Bisibisi kwa sababu hakuna kompyuta iliyowahi kumshinda, na hii, iliyotoka kwenye ofisi iliyofungwa, ilikuwa na kasoro moja tu. Katika orodha ya vifaa vyake, chini ya kadi ya sauti na kadi ya mtandao, palikuwa na mstari wenye alama hiyo: "Kifaa kisichojulikana."

"Kinataka draiva tu, programu ya kukitambulisha," alimwambia mkewe, aliyekuwa akishona upande wa pili wa sebule. "Kompyuta haiwezi kuelewana na kifaa isichokijua."

"Kifaa gani?"

"Ndicho ninachokitafuta."

Akachomoa kadi ya mtandao. Mstari ukabaki. Akachomoa ya sauti, akachomoa kila kinachochomoka. Mstari upo palepale. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitu kisichokuwemo, na kila kilipoulizwa kiliitika. Kisha feni ikaanza kupuliza harufu ya udi.

Mkewe akaacha kushona. "Umechoma udi?"

"Nilidhani ni wewe."

"Baba watoto," alinong'ona, "irudishe ilikotoka. Nakuomba."

Bisibisi alicheka. Ubishi wa kazi ulishamkaa. Alinakili namba ndefu ya kile kifaa, akaitafuta mtandaoni kwa kompyuta yake mwenyewe, akapata ukurasa mmoja tu wenye draiva moja tu, akaipakua, akaiweka kwenye ile yenye kasoro. Alama ya njano ikatoweka.

Nyuma yake cherehani ikaanza kwenda kasi. Aligeuka akamwona mkewe ameketi wima, ameukodolea ukuta macho, mikono imelala mapajani, na mguu wake ukikanyaga, ukikanyaga, sindano ikitoboa hewa bila kitambaa.

"Mke wangu?"

"Naam," ikajibu sauti nzito ya mtu mwingine.

Aliirukia kompyuta akaifuta ile draiva, na papo hapo mkewe akaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba, naye akapiga magoti akamwekea sikio kifuani, asisikie pigo wala pumzi, akaona midomo ikigeuka rangi, akarudi kwenye kompyuta, akakosea mara mbili, na alipoiweka tena ile draiva ndipo kifua cha mkewe kilipoinuka.

Asubuhi alimwita shangazi wa mkewe, mwanamke aliyesifika kwa kutoa majini. Shangazi akamshika mpwa wake mkono, akauliza, "Wewe ni nani?"

"Muulize aliyenitafuta," ikajibu ile sauti nzito.

Shangazi alimvuta fundi nje. "Mwanangu, nimeyatoa mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini yale huja yenyewe, na ajaye mwenyewe hufukuzika. Huyu umemtafuta, umemfungulia mlango, umemkaribisha. Mgeni wa kualikwa simwezi."

"Sasa nifanye nini, shangazi?"

"Usiizime."

Hakuizima. Watoto aliwapeleka kwa bibi yao. Aliunganisha betri tatu, akatandika mkeka kando ya lile sanduku, akawa anasikiliza feni yake kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Siku ya ishirini na moja, saa sita mchana, umeme ulikatika, na betri, ambazo alikuwa amezipima asubuhi ileile, zikaisha zote kwa pamoja. Kioo kikawa cheusi. Feni ikasimama.

Fundi alikimbilia jikoni akipiga kelele. Akamkuta mkewe amesimama anamenya kitunguu, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Alilia kwa furaha, akamkumbatia. Mwili ulikuwa baridi kama chuma.

"Usihangaike tena na lile sanduku," ile sauti nzito ilimwambia sikioni. "Nililihitaji nilipokuwa bado sijamjua huyu. Sasa nimemjua mzima mzima."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mkeo yupi?" ikauliza, na mikono ikaendelea kumenya kitunguu.