Bodi ya Lori la Babu Mazin

Kila siku akitoka shule, Ibtisam alipitia karakana ya Fundi Adelard, Keko, kumpelekea babu yake chupa ya chai. Babu Mazin hakukosa hapo. Alikuja kulitazama lori aliloachiwa na baba yake, la mwaka 1967, lililobaki kichwa na chesisi tu, ile fremu ya chini, baada ya bodi yake ya mbao kuoza zamani, Babu akiwa bado mtoto mdogo. Alitaka lirudi vilevile lilivyotoka kiwandani.

"Kiwanda kilikuwa na bodi za aina kadhaa," Fundi alisema. "Nisipojua hili lilikuwa na ipi, nitabahatisha. Na mie sitaki kubahatisha."

"Kazi hiyo apewe Ibtisam," Babu alijibu. "Yuko darasa la saba, na kwenye simu anajua kutafuta."

Ibtisam alifurahi. Jioni ile alikipata mtandaoni kijitabu cha zamani cha kiwanda hicho, kurasa arobaini za Kiingereza. Alisoma tatu, akachoka. Nje wenzake walikuwa wakimwita kucheza nage. Picha ya kwanza ilionyesha bodi yenye kuta fupi zinazofunguka kwa bawaba. Kesho yake akampelekea Fundi picha hiyo.

"Umehakikisha?" Fundi aliuliza.

"Nimehakikisha."

Tangu hapo Ibtisam hakutulia. Siku iliyofuata alikuta mbao za mninga zimeshachaguliwa. Keshokutwa yake, mbili zilikuwa zimeshakatwa. Kila msumeno wa umeme ulipolia, alishtuka. Darasani alichora malori pembeni mwa daftari, akayafuta, akayachora tena. Alipomimina chai, ilimwagika nje ya kikombe.

"Una nini, mama?" Babu alimuuliza.

"Sina kitu, Babu."

Jumamosi asubuhi alishindwa kuvumilia. Alikaa chini akakisoma kijitabu chote, kamusi mkononi. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na jedwali. Kumbe aina ya bodi iliandikwa kwa herufi, kwenye kibao kidogo cha chuma ndani ya kichwa cha lori! Ibtisam alikimbia hadi karakana, akapanda ndani ya lori, akakisugua kibao kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka rangi ikatoka. Herufi ilikuwa C. Bodi aliyoichagua yeye ilikuwa A.

Nje, Fundi alikuwa ameshauweka ubao wa tatu mezani.

"Fundi, usikate!" Ibtisam alipaza sauti. Akashuka. "Sikuhakikisha. Nilichukua picha ya kwanza tu, nikakudanganya. Ile ni bodi A, na kibao cha lori kimeandikwa C. Naomba unisamehe."

Fundi alizima msumeno. Alizitazama zile mbao mbili zilizokwisha kukatwa. Babu, aliyekuwa amekaa pembeni, akauliza, "Na hiyo C ni bodi gani?"

"Si bodi, Babu. Lilitoka kiwandani kichwa na chesisi tu, kama lilivyo sasa."

Fundi alijikuta anacheka. "Kwa hiyo bodi yake ilichongwa hukuhuku kwetu! Nani anaikumbuka ilipokuwa mpya?"

Babu akampigia simu dada yake mkubwa, Bi Wahiba, anayeishi Kawe.

"Nyie mbona hamkuniuliza mapema?" Bi Wahiba alisema. "Baba alilitoa bandarini likiwa tupu, fundi wa hapa mjini akalichongea bodi. Picha ninayo."

Baada ya saa moja picha iliingia kwenye simu. Bi Wahiba, binti wakati huo, alisimama mbele ya lori lenye kuta ndefu za mbao zilizopangwa wima. Fundi aliilinganisha na matundu ya bolti kwenye chesisi. Nafasi za nguzo za kuta zililingana na matundu hayo. Zile mbao mbili fupi zilitosha kutengenezea mlango wa nyuma, na Ibtisam akapewa msasa azisugue mwenyewe, kila siku baada ya shule, mpaka zilainike.

Bodi ilipokamilika, Babu aliipapasa ukuta hadi ukuta, kisha akamwita mjukuu wake.

"Ungesema 'bado sijamaliza kusoma', Fundi angesubiri, na hakuna ambaye angekucheka," alimwambia. "Lakini ukisema 'nimehakikisha', mtu anashika msumeno na kukata mbao. Usilitamke tena neno hilo, mjukuu wangu, kabla hujaifanya kazi yake."