Magauni Kwenye Kamba

Foleni ya malori pale mpakani Sirari ilikuwa imefika hadi kwa wabadilisha fedha. Nyangi alikuwa akipenya katikati yake, kitenge cha rangi ya chungwa kiunoni, mkungu wa ndizi kichwani.

"Dada, ndizi hizo unazipeleka wapi mbio hivyo?" sauti ikatoka juu ya lori.

"Kwa wanaonunua, siyo wanaouliza."

Kijana akacheka. Shati lake lilikuwa jeupe, limenyooshwa pasi, mpaka Nyangi akageuka mara mbili.

Wiki iliyofuata lori lile likaegeshwa mbele ya kituo cha afya ambako Nyangi alikuwa mhudumu wa stoo. Kijana aliitwa Ombeni, mtu wa Moshi, amebeba maboksi ya magauni ya chumba cha upasuaji, yale ya kuvaa mara moja na kutupa.

"Kumbe muuza ndizi ndiye mwenye funguo!"

Kuanzia hapo simu kati yao haikupoa. "Mama, umekula?" "Nimekula, lakini sijashiba wewe." Miezi miwili ikapita hivyo.

Siku moja Nyangi akaonyesha kidoa kwenye boksi. "Hiki chekundu ni cha nini?"

"Kilikuwa cha njano. Kiwandani wanayapiga mionzi yakiwa yamefungwa humo humo, vijidudu vife vyote. Kikiwa chekundu, ujue yamepigwa."

Nyumbani, shangazi Rose aliposikia neno mionzi akaacha kukoroga ugali. "Mwanaume anayelala na mzigo huo garini, atakuzalisha nini? Utakaa kwenye mji wa watu bila mtoto?"

Nyangi akaacha kupokea simu. Alipopokea mara moja, Ombeni akauliza taratibu, "Ni kwa sababu mimi si Mkurya?"

"Nina kazi," akajibu, akakata, akalia.

Hakutaka kumwacha. Akawaza jinsi blanketi lililomwagikiwa mafuta ya taa linavyoanikwa mpaka harufu iishe. Asubuhi akafungua pakiti tatu, akayatundika magauni kwenye kamba nyuma ya stoo.

Lori likaingia.

"Nyangi! Nani kafua haya?"

"Hayajafuliwa. Nayatoa mionzi. Yakiisha, na wewe nakuanika."

Ombeni alicheka mpaka akakalia tairi. Alipoona machozi, akainuka.

"Nataka watoto, Ombeni. Na nawataka kwako."

"Njoo hapa. Ukimulika ukuta kwa tochi halafu ukazima, mwanga unabaki ukutani?"

"Haubaki."

"Basi ndivyo ilivyo. Mionzi imebaki kiwandani, mimi nabeba nguo tu. Ila haya uliyofungua yameingia vumbi, hayafai tena kwa mgonjwa."

Nyangi akayakusanya kifuani. Angeweza kuyachoma kimya kimya. "Nitamwambia Sista mwenyewe. Akinifukuza, anifukuze."

Sista Theodora, mkuu wa kituo, alimsikiliza, akayatazama magauni. "Umekuja mwenyewe, kwa hiyo utabaki. Haya watajifunzia wanafunzi kuvaa. Mara nyingine usipojua, uliza. Na huyu aliyesimama mlangoni ni mumeo?"

"Bado, Sista," Ombeni akadakia. "Jumamosi naenda kwa baba yake."

Nyangi akageuka, mikono kiunoni. "Umeniuliza?"

"Nakuuliza sasa, mpenzi wangu."

Nyangi akainamisha uso, tabasamu likamshinda.

"Njoo Jumapili. Jumamosi mzee anakuwa mnadani."