Mstari Kwenye Silinda

Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, na mtu mwingine asingeuona. Verlin Stroud aliuona Jumapili asubuhi, alipofungua sanduku kuipaka mafuta bastola yake, kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka thelathini na minne. Silinda, kile chuma cha mviringo chenye matundu sita ya risasi, ilikuwa imezungushwa tundu moja.

Hapa Oklahoma, wakusanyaji wa bastola huulizana kwanza kama silinda imewahi kuzungushwa. Ikizungushwa mara moja tu, chuma huchubuka mstari, na ubikira wake umekwisha. Hii ya Verlin ilikuwa adimu kweli, iliyoundwa kwa risasi ya ajabu yenye tumbo pana na shingo nyembamba kama chupa ya soda. Alipewa na mkewe, Wilma, aliyeshona mapazia ya watu miaka miwili ili ainunue. Siku ya kumpa alimwomba washuke bondeni wakapige risasi sita, wao wawili. Verlin akasema siyo leo. Aliendelea kusema hivyo mpaka wakamzika Wilma mwezi Machi. Bahili wa chuma, mzee huyu.

Alimshuku binti yake Marlene, aliyehama kutoka mji wa Amarillo kuja kumtunza, maana vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa hata vifungo vya shati havimudu. Marlene akasema hajaigusa. Verlin akatia sanduku kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Jumatatu mstari ulifika tundu la pili. Jumanne ulifika la tatu, na chumbani mlikuwa na harufu ya siki ya matango, ile iliyoganda mikononi mwa Wilma kila Agosti alipoyasindika.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, walisikia mlio mdogo wa chuma. Wakaenda. Kufuli lilikuwa mahali pake, na Verlin akalifungua; mstari ulikuwa umefika tundu la nne, na kabla hajagusa kitu silinda ikaanza tena kuzunguka yenyewe, polepole, kana kwamba inasukumwa na kidole cha mtu asiye na haraka, mtu aliyesubiri miaka yote hiyo na anayeweza kusubiri mingine, huku siki ikiwajaa kooni na baridi ikiwapanda miguuni katikati ya joto la Agosti, mpaka tundu la tano likaingia mahali pake.

"Ni mama," Marlene alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

"Anataka risasi zake sita, Baba. Nenda ukampigie. Usipompigia narudi Amarillo, na humu ndani utabaki naye peke yako."

Alhamisi walishuka bondeni. Verlin aliishika bastola kwa mikono miwili. "Hizi zako, Wilma," alisema, na sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akafyatua. Mlio ulipasua bonde, harufu ya siki ikapungua, na Marlene akaanza kulia kwa faraja. Verlin akavuta tena. Silinda iligoma.

Kila anayezijua bastola hizi anajua kwamba kabla ya kupiga sharti upanguse mafuta kwenye matundu. Usipopangusa, ganda la risasi lile lenye shingo hurudi nyuma kwa kuteleza na kuibana silinda. Verlin mwenyewe alikuwa akiwafundisha wenzake.

"Asubuhi nilikupa kitambaa," Marlene alisema. "Ulipangusa?"

"Kutu ingeingia."

Marlene akamwambia waipeleke kwa fundi aigonge, ifunguke, warudi kumalizia tano zilizobaki. Mzee akaikumbatia bastola kifuani. Fundi angeikwaruza, alisema, na moja imetosha.

"Imemtosha yeye, au wewe?"

Mzee alikuwa akiipapasa silinda kwa kidole gumba, akitafuta alama, na machozi yakimtoka kwa ajili ya chuma.

Jioni, jua likiwa bado juu, Marlene alipakia mizigo yake kwenye gari. Verlin alisimama barazani, akasema kwa unyonge kwamba angalau asubiri kesho. Marlene akaingia, akawasha gari, lakini hakuondoka. Alikuwa amegeukia kiti cha pili, kilichokuwa kitupu. Mkanda wa kiti hicho ukavutika wenyewe kutoka juu, taratibu, ukapita mbele ya kiti, ukajifunga.

Ndipo gari likaondoka.