Mguu Umekwisha

Daktari alisema goti la Pia halitarudi kuwa kama zamani. Pia alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alizunguka sebuleni kama pia tangu utotoni, na hakujua kazi nyingine ila kucheza dansi.

Alikutana na kijana mshonaji aitwaye Fundi kwenye duka la vitambaa lililojaa watu, wao wawili kila mmoja kashika ncha ya kipande kilekile chekundu.

"Dada, achia. Nina mteja ananisubiri."

"Na mimi je, naonekana mwizi?"

"Unaonekana unachechemea. Kaa hapo, nitakukatia nusu."

Pia alicheka. Tangu aumie watu walimwonea huruma tu, huyu alimtania. Basi ikawa kila jioni yuko kwenye karakana ya Fundi, anafanya mazoezi ameshika meza ya kukatia. Siku aliporuka tena na kutua bila kuanguka, Fundi alisimamisha cherehani.

"Mpenzi, umeruka kama chura."

"Chura wako."

Kundi kubwa la wachezaji lilitangaza majaribio. Asubuhi ya siku yenyewe Pia alivaa gauni la bluu, akapitia kwa Fundi wafuatane. Mlangoni akamsikia kwenye simu: "Mguu umekwisha, bwana. Nimehangaika nao, basi. Nautupa leo leo, nitafute mwingine."

Pia aligeuka akarudi nyumbani. Simu yake ikaita mchana kutwa, hakupokea. Jioni Fundi akampigia mama.

"Shikamoo, mama. Pia yupo?"

"Yupo, ila kwako hayupo. Mguu wa mwanangu umekwisha, eti?"

"Mguu wa cherehani, mama! Kile chuma kinachokandamiza kitambaa!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Pia akamnyang'anya simu.

"Apa."

"Njoo uuone, uko kwenye takataka."

Alikwenda, akauona, akalia.

"Nikuoe?" Fundi akauliza.

"Nicheze kwanza."

"Cheza. Nitakuoa hata ukiwa umechoka."

"Sawa, mume wangu."

Lakini majaribio yalikuwa yamepita, na nafasi kapewa msichana mwingine. Kundi halichukui mtu tena mpaka mwaka ujao. Pia alipoteza mwaka mzima, na kwa goti lile, miaka iliyobaki haikuwa mingi.