Hodi Tatu za Mbeyu

Kila Jumamosi Kalondu alifua sare yake ya shule, akaianika nyuma ya nyumba, kisha akamngoja rafiki yake Mbeyu. Mbeyu alikuwa haingii hivi hivi. Hata mlango ukiwa wazi na wote wakionana, alisimama uani akaita, "Hodi hapa!" Wayua, mamake Kalondu, alipoitikia, "Karibu, mwanangu," ndipo alipoingia, akaamkia shikamoo, akaulizia hali ya kila mtu nyumbani. Ilibaki kuku tu waulizwe wameamkaje.

Familia ya Kalondu ilikuwa imehamia kijiji hicho karibu na Msambweni kutoka Kitui, miaka mitatu iliyopita. Mbeyu, Mdigo wa hapo hapo kijijini, ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kwanza.

Mwaka huo wa 1999 Jumamosi zilikuwa na jambo jipya. Boga, mwenye mkahawa wa chai, alikuwa amefunga dishi juu ya paa, na saa tisa alasiri runinga yake ilionyesha kipindi cha nchi za nje kilichowafanya watoto wabanane dirishani. Hakikuwa mchezo wa kuigiza. Vijana wa kweli waliwekwa kambini, wakagawanywa makundi mawili, wakashindanishwa. Kila wiki kundi lililoshindwa lilimtoa mtu wake mmoja kwa kura. Aliyetolewa alibeba mkoba wake akaenda zake, na waliobaki hawakumtaja tena.

Haukupita muda darasa la sita nalo likapata makundi yake, Chui na Tai. Kalondu na Mbeyu walikuwa Chui, chini ya Ziro, mvulana mrefu mwenye sauti ya mnadi samaki. Chui walijipaka madoa ya biksa usoni, zile mbegu nyekundu zinazolimwa mashambani mwao, na rangi hiyo ikishashika ngozi hubishana na sabuni siku nzima. Mwalimu aliwakaripia, lakini Kalondu alitembea kifua mbele. Tangu wahamie, wako watoto waliozoea kumwita "yule wa bara". Sasa hakuwa wa bara wala wa pwani. Alikuwa Chui, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyoweza kusema.

Ijumaa moja makundi yalishindana kubeba maji kutoka kisimani hadi uwanjani. Chui walikuwa mbele, na zamu ya mwisho ilikuwa ya Mbeyu. Njiani alikutana na bibi kizee mmoja. Mbeyu alisimama, ndoo kichwani, akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia marahaba, akauliza mama hajambo, na baba, na wadogo zake. Mbeyu alijibu yote mpaka mwisho. Tai wakapita mbio na kushinda.

"Kwenye kipindi kuna mtu husimama kuamkia watu?" Ziro alifoka.

"Kwani nimpite bibi wa watu kama nimepita kisiki?" Mbeyu aliuliza.

Ziro alileta kopo. Anayetaka Mbeyu atoke, atie jiwe. Anayetaka abaki, atie korosho. Kalondu alishika korosho mkono wa kulia na jiwe mkono wa kushoto. Alimpenda Mbeyu, lakini aliogopa kuhesabiwa tena miongoni mwa watu wa nje. Akatia jiwe.

Kopo lilipomwagwa, mawe yalikuwa sita na korosho moja. Hakuna aliyeuliza ile korosho ni ya nani, kwa kuwa ilikuwa ya Mbeyu mwenyewe.

"Aliyetoka haongeleshwi," Ziro alitangaza. "Atakayemwongelesha, naye nje."

Jumamosi ile Mbeyu hakuja. Wala Jumatatu darasani hakumtazama mtu.

Jumatano mamake Kalondu alishikwa na homa. Alitoka hospitali na dawa, akalala chumbani akitetemeka chini ya blanketi. Alasiri Kalondu alikuwa akimpepetea mchele sebuleni, mlango umerudishwa, aliposikia sauti anayoijua.

"Hodi!"

Mikono yake ilisimama. Dirishani, ng'ambo ya njia, aliwaona Chui wawili wakicheza.

"Hodi jamani!"

Kalondu aliuma mdomo.

"Hodi," Mbeyu aliita mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Kisha nyayo zikaondoka, maana hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi.

"Kalondu," mama aliita kutoka chumbani. "Nani huyo?"

"Si mtu, mama."

"Homa imenishika mwili, haikunishika masikio. Fungua mlango."

Kizingitini palikuwa na bakuli la uji wa mchele, limefunikwa sahani, bado linatoa mvuke. Kando yake palikuwa na ndimu mbili. Kalondu aliliinua na machozi yakamtoka. Aliketi kitandani kwa mama akamweleza yote, hata lile jiwe.

Mama hakumgombeza. Alikunywa uji kidogo kwanza.

"Usiku tuliofika hapa mvua ilikuwa ikinyesha," alisema. "Godoro limelowa, na wewe unalia njaa. Nilipiga hodi nyumba ya kwanza niliyoiona. Bi Chiku, mamake Mbeyu, alisema 'karibu' kabla hajaniona uso. Hakuuliza mimi ni wa kundi gani."

Kalondu aliosha bakuli, akalitia ndengu kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, akaenda kwa kina Mbeyu. Alimkuta uani akikuna nazi.

"Nilikuwa ndani, nikakuacha uite," alisema. "Na nilitia jiwe. Nisamehe, Mbeyu."

Mbeyu aliendelea kukuna. "Yale mawe mengine hayakuniuma," alisema mwishowe. "La kwako liliniuma." Kisha akasogea kwenye mkeka. "Haya, kaa. Mamako ameweza kula?"

Kesho yake Kalondu aliingia darasani ameshikana mkono na Mbeyu. Ziro alisimama. "Unajua sheria?"

"Naijua," Kalondu alijibu. "Basi nitoeni."

Wakamtoa. Lakini siku iliyofuata Subira, mmoja wa Chui, akawafuata wale wawili, akisema amechoka kununiana na mtu anayeketi naye dawati moja. Mwingine akafuata. Kufikia Jumamosi Ziro alibaki Chui peke yake, akazunguka kijiji kizima bila wa kucheza naye. Alasiri akafika uani kwa kina Kalondu, watoto wakiwa wamejaa humo.

"Hodi," aliita, macho chini.

Mbeyu ndiye aliyeitikia, "Karibu."

Mama Kalondu, aliyekuwa amepona, alimsogezea Ziro kigoda.

"Wale wa kwenye runinga wako mchezoni," aliwaambia, "na mchezo ukiisha kila mmoja hurudi kwao. Nyinyi kwenu ni hapa. Kundi linalomtoa mtu kila wiki mwishowe hubaki na mtu mmoja, na huyo siku akiugua, hana wa kumletea uji."