Damu Niliyoifua Nikanyamaza

Mimi Loisi sijisafishi. Kosa lilikuwa langu pia.

Mwaka ule reli ya Wadachi ilikuwa imefika Dodoma. Mume wangu Yoramu alikuwa huko, akibeba mataruma ya kulazia reli. Nyumbani nilibaki na baba yake, Mzee Madeje. Nilimtwangia uwele na kumfulia nguo. Katika nguo hizo nikaona damu, tena si mara moja.

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, seuze kumtajia choo chake. Nikanyamaza. Mzee naye akanyamaza. Miezi saba tukaheshimiana hivyo, naye anazidi kukonda. Heshima gani hiyo!

Kisha choo kikagoma kabisa. Hata upepo haukutoka. Tumbo likavimba, akaanza kutapika. Yoramu aliitwa, akaja, akamchemshia mizizi ya kuharisha. Mzee akalia kwa maumivu. Yoramu akachemsha mingine, kali zaidi.

Jirani yetu Marko alikuwa mhudumu wa hospitali ya misheni. Alimgusa mzee tumbo, akaimwaga ile dawa yote nje. Yoramu alitaka kumpiga.

"Njia imeziba," Marko akasema. "Kuna uvimbe ndani ya utumbo. Ukisukuma kwa dawa, utumbo utapasuka. Asile kitu. Tumbebe sasa hivi."

Yoramu akasema baba yake ni mzee mno, kisu kitamwua. Marko akajibu kwamba uzee si sababu ya kumwacha afe. Daktari angefungua tundu dogo tu tumboni, juu ya pale palipoziba, choo kitokee hapo.

Tulimbeba kwa machela nusu siku. Daktari alimpasua jioni ile ile, na tumbo likanywea. Lakini akatuambia kuwa ni saratani, nayo imeshafika kwenye ini. Mzee angeletwa damu ilipoanza, huenda uvimbe wote ungekatwa. Nilisikia, na moyo ukaniuma.

Yoramu akarudi relini. Marko alinifundisha kuosha lile tundu na kulifunga kitambaa safi. Mimi nisiyeruhusiwa kumtazama mzee usoni, nikawa namfuta tumbo kila asubuhi. Majirani walisema sana. Waseme!

Mzee alikula, akalala usingizi, akampa jina mjukuu wake, mwanangu aliyezaliwa wakati huo. Siku moja akaniuliza, "Ile damu uliiona?"

"Niliiona, baba."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuheshimu."

"Nami nilikuonea haya," akasema.

Alikufa mwezi wa kumi tangu apasuliwe.

Baada ya matanga niliwakusanya watu wa ukoo, wake kwa waume. Niliwaambia waziwazi, baba wakwe wakiwepo. Ukiona damu chooni, sema siku hiyo hiyo. Choo kikibadilika au mtu akikonda bila sababu, sema. Tumbo likivimba na choo kisitoke, usimpe dawa ya kuharisha, mpeleke hospitali. Wazee wawili waliondoka kwa hasira.

Shangazi yake Yoramu hakuondoka. Aliinama, akaanza kulia, akasema naye anaona damu. Kesho yake asubuhi tukampeleka kwa daktari, na uvimbe wake ukakatwa wote. Mpaka leo analima mwenyewe shamba lake la uwele. Nikimwona na jembe nafurahi, kisha namkumbuka kaka yake, nachukia kunyamaza kwetu.