Sikio la Mtaa wa Maseremala

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi tatu: kufagia theluji mlangoni, kuwasha jiko la makaa la nyanya yangu, na kuondoa nguo za majirani kwenye waya wetu wa redio. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonichemsha damu. Waya ulipita juu ya uchochoro, kutoka mwanzi uliofungwa kwenye paa letu hadi mwanzi mwingine nyuma ya kisima. Kaka yangu Eisaku alikuwa ameueleza mtaa mzima kwamba ule ni waya wa kunasa sauti kutoka hewani. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Kesho yake nikakuta soksi.

"Mzee Sadakichi! Soksi zako zinaziba redio!" nilipiga kelele asubuhi ile ya Januari, mwaka 1930.

Sadakichi, kinyozi wa mtaa wetu pale Sendai, alitoa kichwa dirishani. "We Ritsu, sauti imevuka milima yote kutoka Tokyo, ije ishindwe na soksi?"

"Kwa hizi zako, ikizinusa tu itageuza."

Alicheka, lakini soksi hakuzitoa. Nilizitoa mimi, kwa ncha ya ufagio.

Nilikuwa na sababu ya kukasirika. Siku ile redio yetu ilikuwa na kazi kubwa. Bi Otose, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, wa pale kwenye kona, alikuwa na mwana mmoja tu, Tatsuo. Alipofika miaka kumi na mitano alichukuliwa kwenda Tokyo kufunzwa mieleka ya sumo. Miaka sita mama yake hakuwa ameiona sura yake, ila katika picha moja iliyotumwa, tena ya mgongo. Sasa Tatsuo, ambaye uwanjani aliitwa Takenomori, alikuwa amepanda daraja la juu. Jioni ile angepigana, na pambano lingetangazwa redioni.

Redio yenyewe ilikuwa kisanduku cha mbao alichokiunda Kaka Eisaku: koili ya waya, kipande cha jiwe linalometameta, sindano nyembamba ya kuligusia jiwe, na kisikilizi kimoja cha kuweka sikioni. Kimoja tu. Siku za kawaida tulikiweka ndani ya bakuli tupu la wali, na sauti ikakua kiasi cha kuwatosha watu watatu wenye subira. Siku ya sumo, mtaa mzima ulikuja, na subira haikuja nao. Kwa kuwa Kaka Eisaku alikuwa kazini karakana ya reli, na mimi ndiye pekee niliyeweza kuligusa jiwe bila mkono kutetemeka, niliteuliwa kuwa sikio la Mtaa wa Maseremala. Nisikie, nitangaze. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kichwa kilinivimba kama andazi.

Saa tisa alasiri chumba chetu kilijaa. Viatu vya mbao vilirundikana mlangoni hadi uchochoroni. Bi Otose alikuja wa mwisho. Alikuwa amevaa kimono chake cheusi chenye nembo ya ukoo, kile cha arusi na mazishi. Alipiga magoti mbele ya kisanduku, akaweka viganja sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Watu wakaangua kicheko.

"Bi Otose, unakiamkia kibweta?" Sadakichi aliuliza.

"Mnacheka nini?" alijibu bila kugeuka. "Mwanangu yumo humo."

Mimi nilitaka kumtupia Sadakichi koleo la makaa.

Pambano lilipofika, nilishikilia kisikilizi kwa mikono miwili. "Wamepanda uwanjani! Takenomori na Iwatetsu!"

"Anaonekanaje? Amekonda?" Bi Otose aliuliza.

"Mtangazaji hasemi, Shangazi. Anasema wanarusha chumvi ya kutakasa uwanja."

Tukangoja.

"Sasa?" akauliza Sadakichi.

"Wamechuchumaa. Wanatazamana. Wamesimama. Wanarusha chumvi."

"Tena?"

"Tena!"

"Wanapigana mieleka au wanakoroga achari?"

"Mzee, nyamaza basi! Zamani walikuwa wanatazamana mpaka wachoke. Sasa wamepewa dakika kumi kwa ajili ya redio, na wewe dakika kumi zinakushinda?"

Watu walimzomea, nami nikafurahi sana, na huko kufurahi ndiko kulikoniponza. Ghafla sauti ya mtangazaji ilipanda. Wamegongana! Takenomori anasukumwa! Yuko ukingoni! Amegeuka, wanaanguka pamoja! Nilikuwa narusha maneno kama yanavyokuja. Kisha nikasikia: mwamuzi ameelekeza pepeo lake upande wa Takenomori.

"Ameshinda!" Nikakitupa kisikilizi, nikaruka juu. "Pepeo ni la Takenomori!"

Chumba kilipasuka kwa vifijo. Sadakichi, yule yule, alikuwa analia machozi. Bi Otose hakulia. Alikiinamia kisanduku mara ya pili, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Naenda kupika wali mwekundu," ule wa maharage tunaoupika penye furaha tu. Akatoka mbio, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kiatu kimoja chake na kingine si chake.

Vifijo vilichukua muda mrefu kupungua; watu wakiwa bado wanapigana mabega, nikakirudisha kisikilizi sikioni. Nilitaka kusikia jina la Takenomori likisifiwa.

Mtangazaji alikuwa anasema kwamba waamuzi wa pembeni walikuwa wamepanda uwanjani kulipinga pepeo. Wote wawili walikuwa wamegusa chini pamoja. Pambano lilirudiwa. Na katika marudio, Takenomori alikuwa amesukumwa nje mara moja. Ameshindwa.

Mtoto wa mtaa wetu hafundishwi kwamba pepeo la mwamuzi linaweza kupingwa. Anazaliwa akijua. Nililijua, na bado nilitupa kisikilizi.

"Wanasemaje sasa?" Sadakichi aliniuliza, macho bado mekundu.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini alikuwa ameshanidhihaki mara tatu siku ile, na nilijua ingekuwa ya nne na ya milele.

"Wameweka muziki," nilisema.

Saa nzima watu walikunywa chai yetu na kulirudia pambano kwa midomo na mabega, kana kwamba walikuwepo. Kila aliyepita alinipiga kichwani kwa upendo. Nilikasirika na kila mmoja wao. Nilimkasirikia mtangazaji kwa kusema haraka, waamuzi kwa macho yao makali, kaka yangu kwa kununua kisikilizi kimoja. Yaani nilimkasirikia kila mtu, isipokuwa yule aliyestahili.

Kisha Bi Otose akarudi, mikono ikinukia maharage. Nyuma yake Sadakichi alikuwa ameshika baiskeli mlangoni, tayari kukimbilia posta kabla haijafungwa.

"Ritsu, mwanangu," Bi Otose alisema, "wewe una mwandiko mzuri. Niandikie simu ya maandishi. Andika hivi: HONGERA KWA USHINDI. MAMA AMESIKIA KWA MASIKIO YAKE."

Akaniwekea karatasi na kalamu mbele yangu.

Niliandika herufi ya kwanza. Nikamwona Tatsuo kule Tokyo, mgongo wake tu, maana ndio pekee tulioujua, ameketi na vumbi la uwanja mwilini, akiifungua karatasi ile. Pongezi kutoka kwa mama yake, siku aliyoanguka mbele ya nchi nzima. Angedhani anachekwa nyumbani kwao.

"Mbona umesimama?" aliuliza Sadakichi. "Kalamu nayo inarusha chumvi?"

"Hakushinda," nilisema.

"Nini?"

"Pepeo lilipingwa. Walirudia. Ameshindwa. Nimelijua tangu saa ile."

Kelele iliyozuka sijawahi kuisikia tena. Mwongo! Mtoto ametuchezea! Si nilisema kile kibweta ni upuuzi? Atolewe kisikilizi! Jirani mmoja alinidai vifijo vyake, sijui nimlipe vipi. Sadakichi alisema kwamba kuanzia kesho sikio la mtaa litakuwa lake, maana yeye ni mtu mzima anayeaminika. Hilo la kuaminika liliniuma kuliko yote. Nikafungua mdomo nimjibu.

"Kimya, nyote!" Bi Otose alisema.

Alinitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mgumu na mwekundu.

"Kukivua hicho kitu mapema, hiyo ni pupa. Hata hawa wazee wangekivua. Kwa hilo sikukasirikii," alisema. "Lakini ulijua! Ulijua, ukaniacha nipulize moto, nioshe maharage, nimwambie kila niliyekutana naye njiani. Kwa nini?"

"Ulikuwa na furaha, Shangazi. Na... niliogopa watanicheka."

"Nani alikuambia mimi ni yai? Miaka sita nasaga soya peke yangu, saa tisa za usiku, mikono kwenye maji ya barafu. Nimemzika mume. Nikishindwa kubeba habari ya mwanangu kusukumwa nje ya duara, nitabeba nini? Akishinda ni wangu, akianguka ni wangu. Hukuwa na ruhusa ya kunichagulia."

Nilipiga magoti, nikainama mpaka paji likagusa mkeka. "Nisamehe."

Sadakichi alikohoa. "Nilisema mimi, mtoto huyu..."

"Na wewe!" Bi Otose alimgeukia. "Umeshinda kutwa ukimchokoza mtoto, halafu unashangaa akiogopa kukuambia kosa lake? Leta baiskeli karibu. Simu inakwenda."

Sadakichi alileta baiskeli karibu.

Bi Otose aliketi kando yangu, akaichana karatasi ya kwanza, akaniwekea nyingine.

"Sikiliza, Ritsu. Watu thelathini wamekupa masikio yao leo. Mwenye kupewa masikio ya watu anakosea, hilo halina dawa. Akikosea, alitangaze kosa kwa sauti ile ile aliyotangazia ushindi, na alitangaze hapo hapo. Kesho utashika tena kisikilizi, nami nitakaa mbele yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi andika: TUMESIKIA UMEANGUKA. KULA VIZURI. KESHO TUNASIKILIZA. MAMA." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Na mwandiko uwe mzuri kama ule ambao ungeandikia ushindi. Hii nayo ni habari ya mwanangu."